Otmar Alipoacha Kumtukana

Katika kambi ya mgodi ule wa dhahabu, upande wa Geita, watu walikufa kwa njia mbili tatu tu, homa, kifua au jiwe la shimoni, lakini walizikwa kwa njia zaidi ya kumi. Hakuna aliyelijua hilo kuliko Donatus, karani wa ofisi ya kambi, kwa sababu kila msiba ulipita kwanza mezani kwake. Yeye ndiye aliyeandika jina la marehemu, kabila lake na dini yake, kisha akatoa kibali cha mbao na cha watu wa kuchimba.

Waislamu wa Ujiji hawakutaka mbao. Walimwosha mtu wao, wakamvika sanda, wakambeba mbio mbio kwenye jeneza la msikiti, na jeneza likarudi kumsubiri mwingine. Wajaluo walilia kwa kukimbia, wakienda na kurudi utadhani wanafukuza mwizi. Wasukuma walinyoa vichwa, na wazee wao walinung'unika kwamba mwenye mji anazikwa ugenini kama mtu asiye na kitu, maana kwao baba hulazwa ndani ya zizi la ng'ombe wake mwenyewe, na ngozi ya ng'ombe ndiyo sanda yake. Donatus aliyaandika yote hayo kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, na moyoni akawaonea wote huruma. Naam, huruma. Hicho ndicho kilikuwa kiburi chake, na kiburi cha namna hiyo hakina dawa, kwa sababu mwenyewe hujiona mwema.

Mwaka wa 1949 alikufa injinia mmoja Mzungu. Donatus ndiye aliyepewa kazi ya kushika kofia za mabwana kaburini. Nusu saa, kazi kwisha. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyeuliza chakula kitaiva saa ngapi. Mjane alivaa glovu nyeusi, akapeana mikono na watu mmoja mmoja, akapanda gari. Donatus alirudi nyumbani macho yanang'aa.

"Mama," alisema, "wenzetu wanajua kuzikana."

Mama yake, Bibi Justina, alikuwa amekaa kizingitini na mkebe wake wa ugoro. Alisikiliza habari yote ya kofia na glovu mpaka mwisho, akavuta ugoro, akapiga chafya, akauliza: "Kumbe hakupendwa na mtu?"

Bibi huyo alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki tangu utotoni, mfupi, mkali, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu, kwa hiyo alitembea kwa kuinama upande. Alipofiwa na mumewe alihamia kwa mwanawe, kwenye nyumba za makarani, na angekufa kwa upweke pale kama si Otmar.

Otmar alikuwa seremala wa mgodi, Mngoni wa Songea. Ndiye aliyetengeneza milango ya kambi, meza za ofisi na masanduku ya maiti. Sasa, Wangoni na Wasumbwa ni watani. Zamani za mababu Wangoni waliingia mpaka Runzewe na mikuki yao, wakapigana na Wasumbwa hadi pande zote mbili zikachoka, na uadui ule ukageuka utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na kuku, na wewe utacheka. Lakini siku ya msiba ndipo utamjua. Wewe uliyefiwa mikono imekufa ganzi. Yeye anachimba, anateka maji, anasonga ugali. Kisha anavaa nguo za marehemu na kumwigiza, analala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka alipwe kitu, hata kama ni kuku, hata kama ni tumbaku. Watu wanacheka na machozi yanawatoka, na hayo ndiyo machozi yanayomwaga uchungu. Sheria ni moja tu: mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, umesema yeye ni mtu baki.

Kila asubuhi, akielekea karakana, Otmar alisimama kwenye dirisha la Donatus na kugonga mbao kwa futi yake ya kukunja.

"Mtumwa wangu! Umeamka? Babu yangu alimteka babu yako, lakini alikula sana mpaka tukamrudisha. Nakuona na wewe tumbo linakuja."

Donatus alicheka, kama hapakuwa na Mzungu karibu. Kama Mzungu alikuwepo, alikohoa na kufungua daftari. Otmar alikuwa akiona, na hakujali. Aliendelea na safari yake mpaka kwa Bibi Justina, na huko ndiko kulikuwa na vita hasa.

"Wewe Mngoni," bibi alimwambia, "mlikuja kupigana mkasahau njia ya kurudi kwenu. Watu wazima!"

"Tuliisahau makusudi, bibi. Tulinusa ugoro wako."

"Na hutaupata. Hata nikifa."

"Ukifa nitalala kaburini mwako mpaka wanipe mkebe mzima."

Bibi alicheka mpaka akashika nyonga. Ugoro hakumpa, hata chembe, kwa miaka mitatu yote.

Agosti ya mwaka 1951 bibi alishikwa na homa, na safari hii homa haikuachia. Siku mbili kabla ya kukata roho alimshika Donatus mkono. "Mwanangu, nikifa, Mngoni wangu asikose. Umesikia?" Donatus akasema amesikia. Alisikia kweli. Ndiyo maana baadaye hakuweza kujidanganya.

Bibi alifariki alfajiri ya Ijumaa, na mchana Meneja wa mgodi akapita ofisini mwenyewe, akavua kofia, akasema kesho atakuja mazikoni. Hapo Donatus akili ikamruka. Meneja! Kwenye maziko ya mama yake! Akaazima suti nyeusi. Akatangaza nyumbani kwamba hakuna kupiga mayowe, na mama yake mdogo Euphrasia, aliyefika usiku kwa lori kutoka Ushirombo, akaambiwa alie kwa kitambaa mdomoni. Kuhusu Otmar hakusema kitu. Otmar alikuwa karakana tangu asubuhi akipiga randa mbao za mninga, zile nzuri alizokuwa amejiwekea kwa ajili ya kabati lake, na baadaye alichimba kaburi na Wangoni wenzake wawili. Donatus alimwona kwa mbali, amejaa udongo, akajiambia kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo, amekwisha ifanya, yatosha. Alijua haitoshi. Alijiambia hivyo hivyo.

Jumamosi alasiri makaburini palikuwa kimya kama alivyotaka. Meneja alisimama kofia mkononi. Padri, Mzungu wa misheni aliyekuja kambini mara moja kwa mwezi, alifungua kitabu. Mama mdogo Euphrasia alikuwa amekakamaa, kitambaa mdomoni, macho makavu. Ndipo nyuma ya rundo la udongo akatokea Bibi Justina.

Alikuwa na kaniki yake na kilemba chake. Alitembea kwa kuinama upande wa kushoto, mkono mmoja nyongani, uso umepakwa majivu, na sauti ilikuwa ile ile: "Nani kachukua ugoro wangu? Nimefumba macho kidogo tu, mmekwisha niibia!"

Mama mdogo Euphrasia aliangua kicheko, na ndani ya kicheko kile kilio kilichokuwa kimemkaba tangu jana kikatoka chote. Wanawake wakafuata. Otmar aliteremka kaburini akajilaza, akakunja nne.

"Pembamba!" alilalamika kutoka chini. "Donatus mwanangu, umesoma shule zote zile, na mimi umenipimia kama gunia la karanga? Nigeukeje humu na nyonga yangu? Sitoki. Sitoki mpaka mlete ule mkebe wangu, na huyu karani aniimbie!"

Watu walicheka. Walicheka sana, wakalia sana, na kama Donatus angewaangalia wao, mambo yangekwenda vizuri. Lakini yeye alimwangalia Meneja. Aliona nyusi zimepanda. Aliona mdomo umefumbwa, na hakujua kama ni kicheko kinazuiwa au ni dharau, na kwa mtu kama Donatus hiyo ilitosha. Masikio yakamwaka moto. Padri akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani, akamwuliza kwa upole: "Donatus, mtu huyu ni nani?"

Maneno manne tu yangemwokoa. Ni mtani wetu, Padri. Padri alikuwa mtu mwema, angengoja. Badala yake Donatus alitoa manne mengine.

"Simjui, Padri. Mlevi tu."

Akampungia mkono askari wa kambi. Askari alisitasita, maana kitanda alicholalia nyumbani kwake kilitengenezwa na Otmar, lakini karani ni karani. Otmar aliinuka mwenyewe kabla hajaguswa. Alipanda juu, akafungua kilemba, akavua kaniki, akazikunja vizuri na kuziweka juu ya sanduku alilolitengeneza. Majivu yalikuwa bado usoni. Alimwangalia Donatus, na yale macho hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa macho ya mtu aliyegonga mlango, akafunguliwa na mtu asiyemfahamu.

"Samahani, Bwana Karani," alisema. "Nimekosea msiba."

Akaondoka, na wale Wangoni wawili wakaangusha majembe, wakamfuata. Maziko yalikwisha kwa nusu saa. Hakuna aliyelia tena. Meneja alimpa Donatus mkono, akasema, "Pole sana," akapanda gari. Ilikuwa sawasawa na kwa injinia, na Donatus alisimama pale akingoja ile fahari imfike moyoni. Haikufika.

Jioni mama mdogo Euphrasia alifunga mzigo wake. "Dada yangu amezikwa bila mtani," alisema. "Sijui huko aendako atasema alikuwa nani kwa watu." Akatoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi Donatus alikaa dirishani akingoja futi igonge mbao. Alikuwa amejiandaa. Alijua atatukanwa vibaya, labda mbele ya ofisi nzima, na alikuwa amekubali. Otmar alipita. Alisimama. Alivua kofia.

"Habari za asubuhi, Bwana Karani."

Akaenda zake.

Nakwambia, ipo adabu inayochubua ngozi. Kwa mwaka mmoja na miezi minane, kila asubuhi ya kazi, Otmar alimsalimu Donatus kwa heshima zote, kofia mkononi, na kila asubuhi Donatus alihisi amepigwa kofi. Alifanya kila kitu isipokuwa kilichotakiwa. Siku moja alikwenda karakana, akajikaza, akapaza sauti mbele ya mafundi: "We Mngoni! Bado hujaiona tu njia ya kurudi kwenu?"

Otmar aliweka randa chini. "Bado, Bwana Karani," alijibu kwa utulivu. "Likizo yangu ni mwezi wa saba."

Mafundi waliinamisha vichwa. Mabula, kijana wa Kisukuma aliyekuwa akijifunza useremala, alijifanya anatafuta msumari. Donatus alitoka akiwa amelowa jasho.

Siku nyingine alimpelekea mkebe wa ugoro. Otmar aliupokea kwa mikono miwili, akautazama pande zote kama kitu kipya, akaurudisha. "Asante, lakini hii ni mali ya mama yako, Bwana Karani. Itunze." Kuomba radhi nako hakukuwezekana, kwa sababu mtani haombwi radhi, anayeombwa radhi ni mtu baki, na Donatus asingeweza kulisema neno 'radhi' bila kulipigilia msumari tena lile 'simjui' lake. Akakimbilia kitubio. Alipiga magoti kwa Padri akasema ametenda dhambi dhidi ya seremala.

"Ulimpiga?" Padri aliuliza.

"Hapana."

"Ulimwibia?"

"Hapana, Padri. Nilisema simjui. Na sasa ananisalimia vizuri."

Padri, nyuma ya wavu, alijaribu kuelewa, akampa Salamu Maria tatu. Donatus alizisali zote na hazikuhamisha kitu.

Aprili ya 1953, mvua zikiwa nyingi, Otmar alishikwa na homa ya mapafu. Donatus alikwenda hospitali siku ya tatu, baada ya kuzunguka jengo mara mbili. Otmar alikuwa amekonda, anapumua kwa shida, na mkewe Serafina, mama wa binti yao Lukresia, alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Donatus alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa na maneno. Aliyapanga njia nzima.

Otmar alifungua macho. "Asante kwa kuja, Bwana Karani," alisema. "Mama Lukresia, mpe kiti."

Donatus alikaa kwenye kile kiti robo saa, akiangalia viatu vyake, akaondoka na maneno yake yote.

Otmar alifariki Jumatatu. Jumanne asubuhi Serafina alikuja dirishani, pale pale, ameshikilia mbao aliyokuwa akiigonga mumewe. Donatus aliandika. Otmar. Mngoni. Mkatoliki. Akatoa kibali cha mbao. Serafina hakuondoka.

"Bwana Karani, nilikuwa na ombi moja. Wewe unawajua Wasumbwa wote wa kambi hii. Nitafutie mmoja aje kuwa mtani wa msiba. Mume wangu asiende kimya kimya."

"Mama Lukresia, mimi..."

"Wewe hapana," Serafina alimkatiza, bila ukali. "Marehemu alisema usisumbuliwe. Alisema wewe si mtani."

Donatus aliweka kalamu chini. "Alisema kwa hasira?"

"Hasira ya nini? Alisema kama mtu anavyosema leo ni Jumanne."

Alipoondoka, Donatus alifunga ofisi mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamfuata Pantaleo, Msumbwa mwenzake aliyefanya kazi shimoni, mtu wa maneno mengi na vichekesho. Na hapa niseme ukweli wake wote: alikuwa anatafuta nafuu. Pantaleo angefanya kazi vizuri, Serafina angeridhika, na yeye angesimama pembeni na suti yake akiinamisha kichwa kwa huzuni.

Pantaleo alimsikiliza huku akifunga kamba za viatu. "Siendi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nitachekesha watu gani? Tangu siku ile ya mama yako, Mngoni gani wa kambi hii amemtania Msumbwa? Hakuna. Tunaamkiana kama watu kwenye foleni ya posta. Mwanangu alipokufa mwaka jana, alikuja mtani? Nilichimba kaburi mwenyewe, Donatus. Mwenyewe, kwa mikono hii. Wewe ulisema neno moja kwa ajili ya suti yako, sisi wote tukafungiwa mlango." Akasimama. "Kama unataka mtani, nenda na miguu yako."

Donatus alikuwa ameandika kifo cha mtoto yule. Alikumbuka mwandiko wake mwenyewe kwenye daftari, mzuri, uliolala upande mmoja. Hakuwahi kujiuliza nani alichimba.

Maziko yalikuwa saa tisa. Meneja alikuja, kofia mkononi, maana Otmar alikuwa fundi wa siku nyingi. Padri alikuwepo, yule yule. Wangoni walisimama upande wao, mikono kifuani, kimya. Sanduku lilitengenezwa na Mabula, na lilipinda upande mmoja, masikini, alikuwa akilia huku akipiga misumari. Mama mmoja aliuliza karani yuko wapi leo, na mwingine akasema labda anaona haya kuja.

Kuona haya alikuwa anaona. Alikuwa nyuma ya rundo la udongo, miguu mitupu, amevaa aproni ya Otmar aliyoichukua karakana, penseli sikioni, uso mzima umepakwa majivu. Padri alipofungua kitabu, Donatus alitoka.

Alitembea kama Otmar, kifua mbele, akigonga kila kitu kwa ile futi ya kukunja: akagonga jembe, akagonga sanduku, akagonga kiatu cha Meneja. Hakuna aliyecheka. Akateremka kaburini. Udongo ulikuwa umelowa mvua, ukamwingia ndani ya shati. Akajilaza, akatazama juu, akaona duara la nyuso, na kati ya nyuso hizo hapakuwa na hata moja iliyomsaidia.

"Mimi ni Otmar Mngoni!" alipaza sauti, na sauti ikapasuka. "Nilikuja kupigana nikasahau njia ya kurudi! Nimetengeneza masanduku ya kambi nzima, na langu wamempa Mabula. Liangalieni! Nitalala humu kama ndizi!"

Mabula alitoa mlio kidogo, kati ya kilio na kicheko, akaziba mdomo. Wangoni hawakutikisika. Donatus alipima kaburi kwa futi, akatangaza kwamba ni fupi, akajikunja, akajinyoosha. Alitafuta kichekesho kingine hakukiona. Mvua ya rasharasha ilianza kumdondokea machoni, majivu yakawa tope.

"Sitoki!" alisema. "Sitoki mpaka nilipwe kuku."

Kimya.

"Sitoki mpaka nipewe tumbaku."

Kimya. Akasikia mtu anakohoa. Akajua wataondoka wote watamwacha humo, na kwamba atastahili.

"Basi sitoki mpaka mtu anitukane," alisema, na hili halikuwa la mchezo, lilitoka lenyewe. "Yeyote. Hata neno moja. Sitoki."

Padri alikuwa amefunga kitabu, kidole ndani. Aliinama, akautazama uso ule wa tope, hakuutambua. Akamgeukia mjane.

"Mama, mtu huyu ni nani?"

Serafina alisogea mpaka ukingoni. Alimwangalia aliye chini kwa muda mrefu, kutoka kwenye penseli mpaka kwenye vidole vya miguu. Akafuta pua kwa ncha ya khanga.

"Simjui, Padri," alisema. "Mlevi tu."

Mngoni mmoja mzee ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka kaburini. Wenzake wakaachia mikono kifuani, wakapigana mabega, wakainama, wakashika mbavu, na wanawake nyuma yao kilio kikawatoka chote kwa mkupuo. Pantaleo, aliyekuwa amejificha nyuma kabisa, alipiga kelele ya Kisumbwa na kuja mbio. Meneja naye alikuwa anacheka, waziwazi, kama mtu mwingine yeyote.

Donatus alianza kucheka nao, kisha hakuweza. Maneno manne. Yale yale manne, bila kuzidi wala kupungua, hata lile "tu" la mwisho. Serafina hakuwepo makaburini siku ile; kumbe Otmar aliyachukua jioni ile akaenda nayo nyumbani, akamhesabia mkewe moja moja. Aliyasema akicheka? Aliyasema amegeukia ukutani? Aliyasema mara ngapi, katika mwaka mmoja na miezi minane? Mtu pekee wa kuulizwa alikuwa ndani ya sanduku lililopinda. Donatus alijifunika uso kwa aproni ya marehemu, akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika ndani ya tope, na Wangoni walipoona Msumbwa analia mahali alipopaswa kuchekesha wakazidi kucheka.

Serafina ndiye aliyewanyamazisha. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Mtoeni huyo mtumwa wetu," alisema. "Mwenye nyumba anangoja."

Wakamvuta kwa miguu, mbele ya Meneja na Padri, kichwa kikiburuza udongo. Walipomfikisha juu, mtu alimtupia jembe.